Folda ya Bi Taipu

Jina lake la kweli liliandikwa kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya kliniki. Kwingine kote aliitwa Bi Taipu, hata na mwanawe wa kumzaa alipotaka kumtania. Alikuwa amechapa barua na mikataba katika ofisi ya upimaji wa ardhi tangu akiwa msichana mwembamba mwenye viatu vya kuazima, mpaka alipostaafu akiwa na miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Mabosi walikuja wakaenda. Yeye alibaki pale pale kando ya dirisha, mgongo umenyooka, akichapa huku anakuangalia usoni na kukujibu salamu.

Baada ya kustaafu alikwenda kumuuguza dada yake mkubwa, na dada alipofariki akahamia kwa mwanawe. Mwanawe alifanya kazi ya maabara hospitalini, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Mkewe alikuwa mchora ramani za nyumba, na ofisi yake ilikuwa chumba cha mbele, humo humo mlimokuwa na meza yake, kompyuta yake, printa na makochi ya wageni yaliyosukumwa ukutani.

Miezi ya mwanzo haikuwa rahisi. Mama mkwe asiye na kazi ni mtihani. Bi Taipu aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alipanga upya makabati ya jikoni, mkamwana akawa hajui chumvi iko wapi nyumbani kwake mwenyewe. Hakuna aliyemgombeza mwenzake. Walikuwa wanapishana kwenye korido kwa adabu nyingi mno, "pita wewe Mama," "aa, pita wewe mwanangu," mpaka wote wawili wanakwama.

Kilichowaokoa ni kazi. Siku moja mkamwana alikuwa anachapa orodha ya vifaa vya ujenzi: mbao, mabati, misumari, milango, masinki, kila kitu na kipimo chake. Alichapa kwa vidole viwili, anafuta, anarudia, anasonya. Bi Taipu alisimama nyuma yake akavumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Hebu inuka hapo, mwanangu. Unaniumiza."

Akakaa, akaimaliza ile orodha kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo mkamwana alichora, mama mkwe akachapa. Wakamtafutia kompyuta iliyotumika, ikawekwa chumbani kwake huko nyuma, kwenye meza iliyokuwa ya cherehani. Chumvi ikarudi mahali pake.

Mwanzoni walibeba orodha kwa flashi, kutoka chumba cha nyuma kwenda cha mbele na kurudi. Wakajikuta wana orodha tatu za nyumba moja, kila mashine na yake. Fundi mmoja akakata fremu za madirisha kwa vipimo vya orodha ya zamani, na madirisha yale hayakuingia ukuta wowote katika nyumba ile. Mume alipoona wanawake hao wawili wamenuniana kwa sababu ya madirisha ya watu, akanunua waya wa mtandao, akautoa kwenye ruta iliyokuwa chumba cha mbele, akaupitisha chini ya mkeka wa korido na kuubana kwa vishikizo kwenye fremu ya mlango mpaka kwa mama yake. Mkamwana akatengeneza folda moja kwenye kompyuta ya Bi Taipu, ambayo wote wawili wangeweza kuifungua, kila mtu akiwa kwenye kiti chake. Akaiwekea kompyuta hiyo paswedi moja, ya kuiwashia na ya kufungulia folda kutoka mbele, maana yenyewe ilitaka hivyo. Orodha ikawa moja tu. Bi Taipu akiongeza mlango huku nyuma, mkamwana anauona kule mbele.

Ikaenda hivyo vizuri, hadi Jumanne moja asubuhi folda ikakataa.

Ilikuwa kazi ya daktari wa meno aliyekuwa anajenga nyumba pembeni ya mji. Mkamwana alibofya folda, kompyuta ikamuuliza jina na paswedi, jambo ambalo haikuwa imemuuliza tangu siku ya kwanza. Akaandika. Ikakataa. Akaandika tena polepole, herufi moja moja. Ikakataa.

Akampigia mumewe kazini.

"Umeangalia waya?" mume akauliza.

"Waya uko sawa."

"Zima, uwashe."

"Nimezima, nimewasha."

"Basi ni waya."

Kwa mume yule, matatizo yote ya umeme, ya maji na ya ndoa yalikuwa na dawa hizo mbili. Mkamwana akakata simu, akapiga magoti kwenye korido na kuufunua mkeka. Aliupapasa waya kutoka mwanzo mpaka mwisho kama anayetafuta mfupa uliovunjika. Hakuona mkato wala alama ya meno ya panya. Nyuma ya kompyuta ya Bi Taipu kijitaa cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzimika kama kawaida. Hata hivyo akabadilisha waya, akautandaza mwingine juu ya mkeka. Mambo yale yale.

Akajaribu intaneti kwenye mashine zote mbili. Ikafunguka. Akaiambia kompyuta yake iiite ya pili kwa namba yake ya mtandao, na ya pili ikaitika papo hapo. Kwa hiyo zilikuwa zinasikiana.

"Mama," akaita, "hebu chapa chochote, ukitume kwenye printa yangu."

Kule nyuma vibonye vikalia kidogo. Printa ya chumba cha mbele ikaguna, ikameza karatasi, ikaitoa. Ilikuwa imeandikwa, kwa pambizo zilizonyooka na tarehe juu kulia: *Hii ni barua ya majaribio. Tafadhali nijulishe ikikufikia. Naomba kuwasilisha.*

Mkamwana akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, maana karatasi ile ilimweleza jambo. Kazi ilikuwa inatoka kwa mama kuja kwake bila shida. Yeye ndiye aliyekuwa haingii kwa mama. Njia ilikuwa wazi, mlango ndio uliofungwa, na umefungwa upande wa kule.

Akaenda chumba cha nyuma. Bi Taipu alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

"Mama, labda ulibadilisha paswedi hapa?"

"Mimi? Sijabadilisha kitu."

"Hata kwa bahati mbaya? Labda ilikuletea ujumbe, ukabonyeza ndiyo?"

"Mwanangu, nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote. Zile za zamani hazikuwa na umeme wala waya, na hazikuwahi kuniuliza mimi ni nani. Sijabadilisha."

Mkamwana akaomba aangalie. Akaizima kwa muda ile programu ya ulinzi, akarudi mbele, akajaribu. Wapi. Akaiwasha tena. Akapekua mipangilio ya folda: jina la akaunti lilikuwepo, ruhusa ilikuwepo. Muda huo wote Bi Taipu alisimama mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi, bila kufuta chochote.

Daktari wa meno alikuwa anataka kazi yake jioni ile. Basi flashi ikatolewa tena kwenye droo, Bi Taipu akaweka orodha humo, mkamwana akaichapisha na kuiambatisha na ramani. Mteja akaja, akachukua, akaaga kwa tabasamu zuri, kama inavyompasa mtu wa kazi yake.

Siku ya tatu akapiga simu. Hakuwa na hasira, ila alishangaa. Ramani ilikuwa na mabafu mawili. Orodha ilikuwa na sinki moja, choo kimoja na vigae vya bafu moja. Je, kwenye bafu la pili watu wangeoga hewani?

Mkamwana alijua mara moja kilichotokea. Lile bafu liliongezwa wiki iliyotangulia, na Bi Taipu mwenyewe ndiye aliyeliongeza kwenye orodha. Alimwona kwa macho yake. Kwenye flashi ilikuwa imewekwa orodha ya zamani.

Alikwenda nyuma akiwa tayari amepandwa na hasira.

"Mama, umenipa orodha ile ya kwanza. Siyo ya mabafu mawili."

Bi Taipu akaangalia skrini. "Nilikupa iliyokuwepo."

"Zilikuwepo mbili, Mama. Ya mabafu mawili ni hii hapa chini." Kisha likamtoka neno ambalo alikuwa amelitafuna tangu Jumanne. "Kama kazi hii imekuchosha, ungeniambia tu. Hakuna haja ya kunifungia mlango."

Uso wa Bi Taipu haukubadilika. Alivua miwani, akaikunja, akasema, "Sawa, mwanangu," akaenda jikoni. Maji yakasikika yanamwagika kwenye beseni, na vyombo safi vikaanza kuoshwa.

Siku ile na iliyofuata walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Mume aliporudi akaonja ile hali hata kabla ya chakula. "Kuna nini humu?" akauliza, na kila mmoja akamjibu, "Hakuna kitu," wakati mmoja. Akala haraka akaenda kulala.

Jumamosi kabla ya saa sita mchana umeme ulikatika, ukarudi baada ya muda. Bi Taipu alikuwa nje anaanua nguo. Mkamwana akaona afadhali aiwashe kompyuta ya mama yeye mwenyewe, aijaribu tena kwa utulivu bila mtu kusimama mlangoni. Akabonyeza, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kusubiri ile sehemu ya kuandika paswedi.

Haikuja. Kompyuta ilifunguka moja kwa moja. Ikaja picha ya maua, zikaja folda zote, bila kumuuliza yeye ni nani.

Mkamwana aliitazama kitambo. Mambo yakaanza kujipanga kichwani. Paswedi haikuwa imebadilishwa, ilikuwa imeondolewa. Na mashine hizi zina tabia hiyo: mwenye akaunti akiondoa paswedi, yeye aliyekaa mbele yake anaingia bila kizuizi, lakini kompyuta inakataa kumfungulia yeyote anayekuja kwa njia ya mtandao. Haiamini mlango usio na kufuli. Tangu Jumanne alikuwa anaandika paswedi sahihi ya kufuli ambalo halipo.

Alipogeuka, Bi Taipu alikuwa mlangoni, amekumbatia mashuka makavu.

"Umeona," Bi Taipu akasema.

"Nimeona, Mama."

"Uliniuliza kama nimebadilisha. Sikubadilisha. Niliondoa." Alisema kwa sauti ya ofisini, kama anayesahihisha koma. Halafu akayaweka mashuka kitandani na kukaa kando yake. "Sikukudanganya. Lakini nilijua unauliza nini."

Bi Taipu akalivuta shuka moja, akaanza kulikunja juu ya magoti.

"Kulikuwa na asubuhi moja, nadhani ulikuwa na wale wateja wa ghorofa. Nikakaa hapa, nikaiwasha, ikaniuliza paswedi. Haikuja, mwanangu. Siyo kwamba niliikosea. Haikuwepo. Nikatafuta, nikatafuta, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini."

"Lakini asubuhi ile ulikuwa unachapa. Nilikusikia. Niliwaambia hata wale wateja, mnasikia, huyo ndiye mama mkwe wangu yuko kazini."

"Nilikuwa nabonyeza tu. Skrini ilikuwa imejifunga. Nilibonyeza mpaka mchana ili usije kuuliza mbona kimya."

Mkamwana alikumbuka ile milio ya vibonye, ya haraka, isiyokatika, na jinsi alivyoringa nayo.

"Jioni nikiwa naosha sufuria ikarudi yenyewe," Bi Taipu akaendelea. "Nikaja mbio na mikono yenye povu, nikaiandika, nikaingia, nikaiondoa hapo hapo, isije ikanipotea tena. Kuiondoa nilijua. Nilisoma maelekezo, nikafuata. Sikujua kama ndiyo itakufungia wewe nje. Ulipoanza kuhangaika na waya nikajua ni mimi. Ndipo nikaona aibu ya kusema."

"Aibu ya nini, Mama? Kila mtu anasahau paswedi. Mwanao anasahau hata siku ya kuzaliwa kwangu."

"Huyo alizaliwa hivyo." Walicheka kidogo, kisha mama akakunja shuka la pili. "Dada yangu alianza hivi hivi. Alianza na funguo. Yakaja majina ya majirani. Mwisho alikuwa ananiita shangazi, ananiomba nimpeleke kwao. Nilikuwa namwogesha huku ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Wewe hukuyaona hayo. Mimi niliyaona mpaka mwisho."

Nje jirani alikuwa anaburuta pipa la maji. Mkamwana alitaka kusema, aa, haitakuwa hivyo, Mama, lakini akaona ni neno ambalo hana haki nalo. Badala yake akasema, "Mimi nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Ningekwambia. Nimewachoka watu wengi, wote niliwaambia."

"Basi nisamehe kwa maneno yangu ya juzi."

"Yamekwisha. Na bafu la daktari?"

"Nimemtumia orodha mpya. Hakuwa amenunua kitu."

Wakarudi kwenye kompyuta. Mkamwana akasema kuna njia ya kuiambia mashine isimwulize mtu yeyote paswedi, folda iwe wazi kwa kila aliyemo kwenye mtandao wa nyumbani. Bi Taipu akakataa katakata. Nyumba za watu zimo humo, alisema, milango yao na madirisha yao. Hata kabati la faili kule ofisini lilikuwa na ufunguo. Anataka paswedi. Anataka tu ambayo haitamkimbia.

"Kichwa ndicho kinachonisaliti," alisema. "Vidole havijawahi."

Akavua pete, akaweka vidole kwenye kibodi, akatazama dirishani, akachapa mstari mmoja kwa mkupuo. Ulikuwa mstari aliokuwa akimalizia nao barua zote za ofisi, kwa mabosi wote waliokuja wakaenda. Siuandiki hapa kwa sababu bado unatumika. Mkamwana akamwambia aurudie ili mashine ithibitishe. Akaurudia bila kutazama chini, huku anauliza kama nyama imetolewa kwenye friji.

Bi Taipu akamnong'oneza ule mstari, naye mkamwana akakimbilia chumba cha mbele, akaandika paswedi mpya. Folda ikafunguka. Orodha zote zilikuwemo, zimepangwa kwa majina ya wateja.

"Nimeingia, Mama!"

"Karibu!" sauti ikajibu kutoka nyuma.

Wakati wa chakula Bi Taipu alimweleza mwanawe mwenyewe, hakumwachia mkamwana. Alieleza yote: paswedi, flashi, na sufuria aliyoiacha motoni mwezi uliopita akasingizia simu. Mwanawe aliacha kula. Yule mtu wa zima-uwashe akauliza, kwa sauti aliyoitumia kazini kwa wagonjwa waliokuja kutolewa damu, "Unatumia dawa gani siku hizi, Mama?"

"Ya presha."

"Nyingine?"

"Ile ya mafua."

"Una mafua?"

"Sina. Inanipa usingizi."

Alikuwa anameza kidonge cha mafua kila alipokwenda kulala, tangu siku za kumuuguza dada. Mwanawe akampeleka kliniki wiki iliyofuata, dawa zote zikiwa ndani ya mfuko kama alivyoagiza daktari wa kliniki. Daktari, mama mtulivu asiye na haraka, alimuuliza maswali mengi, akamwambia achore saa, akamwambia arudie maneno aliyomtajia mwanzoni. Bi Taipu alikumbuka mengi, moja likamtoka. Daktari akasema vidonge vile kwa mtu wa umri wake vinaweza kuzubaisha kichwa, aviache, na arudi baada ya miezi michache waone. Hakumwahidi kwamba tatizo ni vidonge tu. Bi Taipu alimpenda kwa sababu hiyo.

Aliviacha. Siku za mwanzo alikuwa anakesha akigeuka kitandani, na asubuhi hasemeshwi. Baadaye usingizi ukamrudia, na mambo fulani yakarudi pamoja nao: majina ya mafundi, mahali pa miwani. Mengine hayakurudi. Bado huingia jikoni akasimama katikati, mkono kiunoni. Tofauti ni kwamba sasa husema kwa sauti, "Nimefuata nini humu?" na yeyote aliye karibu humsaidia kukisia.

Kwenye kazi waliongeza jambo moja, na wazo lilikuwa la Bi Taipu. Kule ofisini hakuna mkataba uliotoka bila watu wawili kuusoma, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akifuata kwenye nakala yake. Basi kabla orodha haijaenda kwa mteja, kila mmoja huifungua kwenye mashine yake, milango yote miwili ikiachwa wazi, na mama husoma kutoka chumba cha nyuma.

"Milango ya mbao, sita!"

"Sita!" mkamwana hujibu kutoka mbele.

"Masinki, mawili!"

"Mawili!"

Asubuhi moja walikuwa katikati ya vigae, mume ametoka zamu ya usiku, amejifunika shuka mpaka kichwani katika chumba kilichokuwa katikati yao. Alivumilia mabati, akavumilia misumari. Walipofika kwenye rangi akatoa kichwa mlangoni, jicho moja wazi.

"Jamani, si mlisema mtandao umepona? Hizi kelele zote za nini?"

"Nenda kalale, mwanangu," Bi Taipu akamwambia bila kutoa macho kwenye skrini. "Tuko kazini. Rangi nyeupe ya ndani, ndoo nane!"

"Nane!"